Nilivyokwenda Nyakashozi Kuitetea Ramani Yangu

Jamani, tangu nirudi kila nikikaa kwenye benchi la kahawa mnaniuliza neno moja: "Mwalimu, kulikuwaje huko?" Nikianza kujibu, mmoja anadakia habari za mpira, mwingine anauliza kama kweli kule wanakula panzi, na mimi si mtu wa kukatwa kauli. Basi nimekaa nikaandika. Anayetaka kujua asome mpaka mwisho. Asiyetaka anirudishie karatasi zangu, maana upande wa pili bado ni mweupe.

Na kabla sijasahau: si panzi, ni senene. Nilikula, na kwa dini yetu nzige ni halali, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Sababu ya safari

Wengi wenu mmenijua nikiwa Tanga, mstaafu mwenye kofia. Hamjui kwamba ujana wangu niliumalizia Nyakashozi, kijiji cha mwisho kabisa Kyerwa, kule Kagera. Siku hizo Kyerwa na Karagwe ilikuwa wilaya moja. Mbele ya kijiji kuna bonde la matete, baada ya matete kuna mto Kagera, baada ya mto ni Uganda. Ukipanda kilima cha nyuma ya shule unaiona na Rwanda. Nilifundisha Historia na Jiografia pale miaka sita.

Kazi yangu kubwa pale ilikuwa ramani ya kijiji. Karatasi ngumu yenye upana wa mlango, vilima kwa rangi ya kahawia, migomba kwa kijani, kila shamba na jina la mwenyewe. Pembeni niliandika historia: ukoo gani ulitangulia, upi ulifuata, na wakati wa vita watu walikimbilia wapi na mbuzi wao. Mkaguzi wa elimu alipoiona alivua miwani. Nasema hivi bila kujisifu, ila alivua kweli.

Mwezi wa tatu simu ikalia. Alikuwa Deogratias, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ndiye mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo Mwalimu. Ramani yako imetuletea kesi."

Akanieleza. Kulikuwa na ndugu wawili wenye mashamba yanayopakana, Ta Bernado na mdogo wake Ta Kabyemera. Kule "Ta" ni kama tusemavyo "Mzee", na "Ma" ni mama. Ta Bernado alifariki mwaka jana. Mdogo wake sasa anasema kona ya chini ya shamba la marehemu ni yake. Mjane, Ma Kokugonza, anasema si kweli. Kwenye kona hiyo kuna mibuni yake mizuri kuliko yote, na katikati ya mibuni kuna kaburi la mumewe.

"Kwa nini mlimzika mahali penye ugomvi?" nikauliza.

"Aliagiza mwenyewe. Alisema anataka kulala pale aone nani atapita."

Kwenye ramani yangu, mpaka ulifuata njia ya miguu, na ukifuata njia hiyo kona yote inakwenda kwa Ta Kabyemera. Wazee walikuwa wamekubaliana jambo moja: mchoraji bado yu hai, aje aseme alichora kwa kujua au kwa kubahatisha. Atakalosema ndilo litakalokuwa.

Ma Kokugonza alinilisha miaka sita bila kunihesabia, mimi kapera mgeni nisiyejua hata kumenya ndizi mbichi. Lakini kubahatisha? Mimi? Nikamwambia Deogratias nakuja.

Kayanga hadi Kiruruma

Habari za kukata tiketi siwaelezi, wala za barabara ya kutoka huku mpaka Kayanga. Nililala njiani mara mbili na miguu ikavimba. Yatosha.

Pale Kayanga, badala ya kuendelea mbele, nilikata kwenda Kiruruma kumwona Mwalimu Laurenti, tuliyefundisha naye Nyakashozi, aliyenisaidia kupaka rangi ramani. Nilitaka shahidi wa pili. Nilipata gari dogo la mizigo lililokuwa likirudi tupu, dereva akaniweka mbele kwa heshima ya mvi, tukakwama kwenye tope mara tatu kwa heshima ya mvua.

Laurenti amenenepa. Tulikumbatiana, tukaulizana watoto, wajukuu, ng'ombe, magoti. Nikamweleza kesi, nikamwomba tuongozane.

"Mimi nilipaka rangi," akasema. "Mpaka ulichora wewe."

"Unaniruka, Laurenti?"

"Sikuruki. Kijani ni changu, nitakitetea popote. Mstari ni wako."

Hapo nikaudhika, nikataka kuondoka saa ile ile. Haikuwezekana. Mkewe alikuwa ameinjika ndizi na maharage, na kule mgeni hatoki na tumbo tupu. Nikala. Akaongeza, nikala. Alipoongeza mara ya tatu nikasema kwa adabu zetu za pwani, "Ahsante shemeji, chakula kilikuwa cha kutosha." Mama wa watu akaingia ndani, na kule ndani nikasikia kuku anakimbizwa. Laurenti akaniambia mkewe, nilivyosifu wingi tu, amenielewa kuwa nimelalamikia kukosekana nyama. Nikajieleza, nikaapa, kuku akachinjwa hivyo hivyo, tena wakanipa kisu nimchinje mwenyewe nisije nikapata pa kutokea. Kuku wa kienyeji haivi upesi na mvua haikukatika. Nililala Kiruruma siku mbili.

Tulipoagana walinifungia kahawa ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa na maganda yake. Ndiyo niliyowaletea, ambayo mmoja wenu, simtaji, aliiita mavi ya mbuzi. Kule ukiingia nyumba ya watu hiyo ndiyo heshima ya kwanza, unapewa punje mkononi kabla hujaulizwa shida yako. Sisi hapa tunainywa kahawa kila siku na hatujui hata mti wake unafananaje.

Kiruruma hadi Nkwenda

Nilifika Nkwenda kwa lori la wanunuzi wa maharage, siku ya gulio. Watu walikuwa tele, mikungu ya ndizi imelala barabarani, na nyumba za wageni zimejaa wanunuzi. Nikaingia duka moja kuulizia pa kulala. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye kofia safi kuliko yangu, akanisikiliza lafudhi, akaweka mizani chini.

"Wewe ni mtu wa pwani."

"Tanga."

"Babu yangu alitoka Pangani," akasema. Jina lake Athumani. Yeye mwenyewe bahari hajaiona, ila aliisimulia kama aliyeiacha juzi. Akanipa chumba cha uani na pilau, na kila nikimeza tonge aliniuliza kama ndivyo inavyopikwa Pangani. Ilikuwa na ndizi ndani. Nikamwambia ndivyo hasa.

Kosa langu lilikuwa kumweleza nilikokuwa naenda. Nilisema naitwa kwa ajili ya ramani na mpaka. Athumani ni mtu mwema, lakini siri kwake ni maji kwenye pakacha. Asubuhi nafungua mlango, nakuta watu watano kwenye benchi la uani, mmoja kashika jogoo.

"Shikamoo afisa."

"Marahaba. Afisa wa nini?"

"Wa mipaka," akasema mama mmoja. "Jirani yangu amenisogezea migomba minne, anasema migomba imetembea yenyewe."

Nikawaambia mimi ni mwalimu mstaafu, sipimi ardhi. Wakatazamana, wakatikisa kichwa, wakaafikiana kwamba maafisa wazuri ndivyo walivyo, hawajitangazi. Mzee wa jogoo akasema atangoja mpaka nimalize chai. Nilisikiliza kesi zote tano. Sikuamua hata moja, nilisema tu "nendeni mkazungumze," na wote wakaondoka wameridhika. Jogoo nilimkataa mara tatu, nikamkuta amefungwa kwenye begi langu.

Nkwenda hadi Bugomora

Pikipiki niliyoipata ilikuwa ya katekista mmoja, Evodi, anayebeba abiria siku zisizo na mafundisho. Nikafurahi, nikisema mtu wa dini hataendesha kwa fujo. Kweli hakuendesha kwa fujo. Tatizo ni kwamba hakuendesha kabisa. Kila nyumba ya tatu alisimama kusalimia, na kule salamu si "mambo" "poa". Wanaulizana walivyolala, walivyoamka, walivyoshinda, watoto, wazazi, mifugo, kisha wanavuta pumzi na kuanza upya. Mimi nimekaa nyuma, jogoo kwapani, jua linapanda.

"Katekista," nikasema, "kesho nina kesi ya watu."

"Usijali Mwalimu. Kawia ufike."

Nyumba ya sita ilikuwa na mgonjwa, bibi mmoja aliyelala siku nne hataki kula. Evodi akaomba kwa urefu. Kisha wakanigeukia na mimi. Nikawaambia mimi ni Mwislamu. Mwenye nyumba akasema, "Mungu ana masikio mawili." Nikasoma Fatiha polepole. Nilipofika mwisho, jogoo akawika mle ndani, bibi akafumbua macho, akasema neno kwa Kinyambo, lugha ya kule.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anauliza huyo jogoo atapikwa lini," akasema Evodi.

Nikamwacha jogoo pale. Tulipotoka watu walinisindikiza mpaka barabarani, na naambiwa siku hizi Bugomora kuna wanaomuulizia yule shehe wa jogoo. Uongo huo sikuuanza mimi.

Bugomora hadi Nyakashozi

Kutoka Bugomora njia inashuka na kupanda katikati ya migomba, huoni kitu mpaka ghafla bonde linafunguka. Nikaliona bonde la matete, mto unaomeremeta kidogo kule mbali, na ng'ambo vilima vya Uganda vyenye migomba ile ile. Nilipokuwa kijana nilikuwa nawaambia wanafunzi: "Mto huu ni mpaka wa kimataifa." Nao wananijibu: "Mwalimu, ng'ambo kwa shangazi." Nilidhani hawaelewi somo.

Deogratias alinipokea kwake. Ana kitambi na sauti ya uenyekiti, lakini aliniinamia kuniamkia kama zamani. Sijakaa sawasawa, Ma Kokugonza akaingia na sinia. Amezeeka, amekuwa mdogo, mikono ile ile. Ndizi, maharage, na samaki mkavu, kama alivyokuwa akinipikia. Nikamwamkia, yeye akanicheka.

"Umerudi mwembamba. Tanga hawapiki?"

Kesi hakuitaja. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza, akachukua sinia lake akaenda. Baada ya muda ukaletwa mkungu wa ndizi mbivu kutoka kwa Ta Kabyemera, naye bila neno. Nawaambia kweli, mkungu ule sikuugusa. Niliiona kesho inavyokuja: nitasimama mbele ya watu, nitasema ramani yangu ni sahihi, na mama yule atang'olewa kwenye kaburi la mumewe kwa mstari nilioupiga mimi kwa rula. Nilitafuta namna ya kusema kweli bila kumuumiza, sikuiona.

Saa ya ng'ambo

Baraza lilipangwa saa nne asubuhi. Niliamka, nikatazama simu, ikasema saa mbili na robo. Deogratias alikuwa ametangulia kuandaa viti. Nikasema nina wakati, ngoja nikaione nyumba yangu ya zamani pale shuleni.

Sasa anaishi humo Madam Jesca, mwalimu kijana, mzaliwa wa huko huko. Alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna, akanionyesha jiko jipya. Kisha akanitoa nje.

"Mwalimu, nimekungoja nikuulize. Hii mipaka ya mlangoni ni ya nini?"

Alikuwa anaonyesha miti minne iliyosimama mstari mmoja kutoka mlangoni hadi chooni, mirefu kupita paa, mashina yamenyooka na majani membamba marefu kileleni. Nikaifurahia. "Mipaka gani? Hayo ni maua yangu. Niliyapanda mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza."

Jesca akacheka, akidhani natania. Aliponiona sicheki akaacha.

"Mwalimu, huu ni omuramura. Kwetu ndio jiwe la mpaka. Watu wawili wakigawana shamba wanaupanda pamoja mbele ya mashahidi, na hakuna anayethubutu kuung'oa. Kila mgeni anayekuja hapa ananiuliza mlango wangu umepakana na nani."

Hapo nikakaa chini, kwenye ngazi.

Miaka sita nilikaa kijiji kile. Niliiona miti ile kila shamba, imejipanga mistari, na mimi mtu wa pwani nikajiambia watu hawa wanapenda maua. Sikumuuliza hata mtu mmoja. Kinyambo sikujifunza, nilisema nimekuja kufundisha, si kufundishwa. Asiyejua maana haambiwi maana.

Na nilikumbuka nilikoitoa. Ilikuwa chini kabisa, karibu na bonde, nilikokuwa nikipita kuchota maji. Ilikuwa Jumapili, kijiji kizima kipo misani, Mwislamu ni mimi peke yangu, nimebaki sina wa kuzungumza naye. Nikasema nipambe nyumba. Nilichukua jembe, nikaing'oa minne ya mwisho wa mstari, na mizizi yake yote, maana mimi kazi ya nusu siipendi. Mashimo nikayafukia vizuri, nikayakanyaga. Mwaka wa pili nikachora ramani. Kufika pale chini sikuona kitu cha kufuata isipokuwa njia ya miguu, nikafuata njia.

"Saa ngapi?" nikamuuliza Jesca.

"Saa nne na nusu."

Simu yangu ilisema saa tatu na nusu. Kule juu shuleni simu inanasa mnara wa Rwanda, na Rwanda wako nyuma yetu saa nzima.

Barazani

Nikaingia ofisi ya kijiji nikihema, jasho mpaka kwenye kofia. Watu wamejaa mpaka madirishani. Nikaanza kueleza habari ya simu, mzee mmoja akainua mkono.

"Tunajua. Sisi mtu akituita saa nne tunamuuliza kwanza, saa nne ya wapi."

Ta Kabyemera alikuwa amekaa upande wa kulia na fimbo yake, mrefu, mkavu, hatazami upande wa shemeji yake. Ma Kokugonza upande wa kushoto, mikono mapajani. Ramani yangu ilikuwa imetundikwa ukutani katikati yao. Imefifia, ila kijani cha Laurenti bado kimesimama.

Deogratias akaisoma yote kwa sauti, ndiyo taratibu. Akasoma vilima, akasoma koo, akasoma vita. Akafika kwenye mstari wa mwisho niliouandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wakazi wa Nyakashozi hupenda maua marefu, ambayo huyapanda kwa mistari pembezoni mwa mashamba yao."

Baraza zima likacheka. Bibi mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Kumbe kwa miaka thelathini sentensi ile ndiyo burudani ya kijiji, kila darasa jipya likipelekwa ofisini kuisoma. Hakuna aliyewahi kunisahihisha, kwa heshima ya ualimu.

"Sasa Mwalimu," akasema Deogratias, "mpaka huu wa chini ulichora kwa kujua au kwa kubahatisha?"

Nilikuwa na maneno yangu ya tangu Tanga, yenye "kwa mujibu wa" na "kitaalamu". Yote yaliniishia. Mficha uchi hazai, nikasema nianze.

"Nilichora vibaya," nikasema. "Mstari wa omuramura ulikuwa ukishuka moja kwa moja mpaka bondeni. Minne ya mwisho niling'oa mimi. Nilidhani ni maua. Ndiyo ile iliyo mlangoni pa Madam Jesca. Ramani nilichora baadaye, ndiyo maana sikuiona."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mtu dirishani akimtafsiria bibi mmoja kwa Kinyambo, na yule bibi akasema "Yesu wangu" taratibu. Deogratias akavua kofia, akaivaa tena. "Sisi tulidhani shule imepima eneo lake," akasema, kama anayejisemea.

Nikamgeukia Ma Kokugonza kumwomba radhi. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama shemeji yake, na Ta Kabyemera, kwa mara ya kwanza tangu niingie, naye akamtazama.

"Bernado aliapa ni mimi niliyeing'oa," akasema Ta Kabyemera.

"Aliapa," akasema Ma Kokugonza.

"Na mimi niliapa ni yeye. Nikasema amekata alama ili anile ardhi, sasa na mimi nitamla." Akaigonga fimbo chini. "Miaka yote hii hatukusalimiana. Alipougua sikwenda. Siku ya maziko nilisimama barabarani."

Jamani, mimi nimezoea kukosea na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kosa la namna ile sikuwahi kulijua. Nilitamani wanipige. Hawakunipiga. Wazee walishauriana kwa dakika chache wakatoa hukumu, kwamba aliyeng'oa mpaka atoe mbuzi na mtungi wa pombe ya ndizi, na aurudishe kwa mikono yake. Nikasema mbuzi nakubali, kuurudisha nakubali, ila pombe dini yangu hainiruhusu hata kuinunua. Wakashauriana tena, kwa muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza. Wakaamua nitoe maji matamu ya ndizi, yasiyochachuka.

"Hiyo adhabu imetuangukia sisi," akalalamika mzee mmoja nyuma, na watu wakapata nafuu wakacheka.

Bondeni

Tukashuka wote, kijiji kizima, tukiufuata mstari wa omuramura kutoka juu. Nilikuwa nimekata vipande vinne kwenye miti ya mlangoni, maana ukikichomeka kipande kinachipua. Mstari ulipokatika, Ta Kabyemera mwenyewe akahesabu hatua kutoka mti hadi mti, akaweka fimbo chini. "Hapa." Nikachimba. Kiuno changu mnakijua. Akaweka tena. "Hapa." Kila kipande nilichokisimamisha, yeye alikanyaga udongo upande wake na Ma Kokugonza alikanyaga upande wake, mashahidi wakitazama. Cha nne kilipokaa, kona, mibuni na kaburi vikawa vyote upande wa mjane.

Watu wakaanza kupanda, harufu ya mbuzi imeshaanza kusikika kule juu. Ma Kokugonza akanipa maji ninawe mikono. Nikamwambia sijui nimwombe radhi kwa lugha gani. Akasema, "Kwanza unawe, una udongo mpaka kwenye ndevu."

Ta Kabyemera hakupanda na wenzake. Alivuka mpaka tulioupanda, akapita katikati ya mibuni mpaka kaburini. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kusema kwa Kinyambo, kwa sauti ya kawaida, akisimama kila baada ya maneno machache kama anayengoja kujibiwa. Aliendelea hivyo muda mrefu. Nikamuuliza Ma Kokugonza anasema nini.

Alisikiliza kidogo, birika mkononi.

"Anamsalimia," akasema. "Sasa anamuuliza habari za nyumbani."